Uchambuzi wa kisa: gita la Mzee K na pikapu niliyoichemsha

Kisa hiki kimetokea kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Ngamiani, Tanga. Mwenye gita kaniruhusu nikiandike mradi nisimtaje, kwaiyo jina lake, kikundi chake na ukumbi wanaopigia nimeviondoa vyote, hapa ataitwa Mzee K na inatosha. Na kwa wale wanaopita tu, pikapu ninayoiongelea siyo ile gari ya kubebea mchanga, ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gita la umeme, chenye vyuma sita vinavyochungulia juu.

Usuli

Mzee K ana miaka sitini na ushee, anapiga solo kwenye kikundi cha harusi, taarabu kidogo, dansi la zamani kidogo, na wakiombwa singeli wanajifanya hawajasikia. Amekulia mji huu huu enzi ambazo bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ndo walikuwa wanapigwa kila kona, na masikio yake yamebaki hukohuko. Yani ukimwekea solo kali yenye makelele anakunja uso kama kaonja shubiri. Anachotaka ni ile sauti laini inayotiririka, kila noti unaiona.

Gita lake ni nakala ya bei nafuu ya Stratocaster, alinunua mtumba. Lina pikapu tatu za koili (msuko wa waya) moja moja: ya shingoni, ya kati, na ya nyuma karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia. Kwenye Stratocaster yenyewe, ile iliyotoka Marekani 1954, vile vyuma sita ndo sumaku zenyewe, za aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Kwenye nakala nyingi za bei rahisi vile vyuma ni chuma tu cha kawaida, sumaku ni kipande bapa cha seramiki, cheusi, kimegundishwa kwa chini. Hii tofauti ishikeni, itakuja kuniokoa huko mbele.

Kazi ya pikapu ni ndogo tu. Waya mwembamba wa shaba unasukwa kuzunguka bobini, yani kile kiunzi cha plastiki, mara elfu saba, elfu nane, waya wenyewe una milimita 0.063, sawa na unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unavuruga usumaku uliopo pale, na ule mvurugo unazalisha umeme kidogo sana ndani ya koili, ndo unaoenda kwenye amplifaya. Shida ni kwamba koili haichagui. Hata usumaku wa transfoma iliyo jirani au taa ya tyubu nao unaingia humohumo, ndo ule mvumo wa 50 Hz ambao kila mpiga gita anaujua.

Malalamiko yalivyofika mezani

Ilikuwa Shaabani, mnajua Shaabani ya huku kwetu, kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, kwaiyo kikundi kilikuwa na harusi karibu kila wikiendi. Mzee kaja asubuhi, kavaa kanzu, gita liko kwenye mfuko wa salfeti.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Hili gita pikapu zake zinavuja umeme. Nibadilishie au nirekebishie, lakini Ijumaa ijayo nina kazi."

Nikamuuliza zinavujaje, akaanza kumwaga. Kwanza linavuma, akilishika mvumo unapungua, akiliachia unarudi. Pili akiongeza volyumu likiwa karibu na spika linapiga mluzi mkali usiokata, hata akifunika nyuzi zote kwa kiganja. Tatu sauti yake kali mno, "inakata kama wembe". Na nne, hii aliisema mwisho kama kitu kidogo tu: wiki iliyopita alipoinama kuitikia kwenye maiki midomo ikapigwa shoti mpaka akaruka.

Malalamiko manne, na yeye yote kampa mshtakiwa mmoja. Kosa langu la kwanza ni kwamba nikakubali. Nikaandika kwenye kitabu changu "pikapu 3, kutia nta, kucheki", nikamwambia arudi Jumatano.

Nilichokifanya kwanza

Bahati nzuri ile ya shoti ilinikaa kichwani usiku, maana pikapu haiwezi kumpiga mtu shoti. Umeme unaotoka mle ni sehemu ndogo ya volti moja, hata ulimi hauusikii. Ila nyuzi za gita zimeungwa na ethi (ule waya wa kwenda ardhini) ya amplifaya kupitia waya wa jeki, kwaiyo bodi ya amplifaya ikiwa na umeme wa kuvuja na ethi haipo, huo umeme unasimama kwenye nyuzi, kwenye vidole vya mzee, unasubiri tu aguse kitu kingine kama maiki.

Kesho yake nikamfuata kwenye stoo wanayoweka vyombo. Nikawasha kila kitu kama wanavyowasha kazini, nikaweka mita kwenye AC, yani umeme kama wa ukutani, ncha moja kwenye uzi wa gita, ncha nyingine kwenye wavu wa maiki. Volti mia na kidogo. Nikafungua ekstensheni yao, ile ya mbao yenye soketi nne, nikakuta waya wa kijani na njano umekatwa mfupi, umekunjwa vizuri, umefungwa na selotepu. Kuna fundi aliona ethi inaleta mvumo akaikata, na mvumo labda ulipungua kweli siku ile, alafu akaenda zake. Nikaunga ethi, nikahakikisha soketi ya ukutani nayo ina ethi, nikapima tena kati ya uzi na maiki, haikufika hata volti moja. Na mvumo ukashuka palepale, mzee akasema "aah, kumbe". Mimi nilikuwa sijagusa gita lake bado.

Hapa ilitakiwa nisimame nianze upya kufikiri. Sikusimama.

Nilipofungua gita nikakuta mambo mawili. Kwanza mashimo ya ndani ni mbao tupu, hamna rangi ya kuzuia wala foili. Hiyo inaeleza kwanini mvumo unapungua akishika nyuzi: mwili wa mtu ni antena, akigusa nyuzi zilizoungwa ethi ile antena inazimika. Nikachukua karatasi ya foili ya jikoni, nikabandika mashimo yote na nyuma ya ile plastiki ya juu. Alumini haishiki risasi ukiilehemu hivi hivi, kwaiyo nikabana waya wa ethi kwa skrubu na washa ndogo juu ya foili. Nusu saa, imekwisha.

Pili, poti ya volyumu, ile inayokaa chini ya kitufe cha kuzungusha, imeandikwa B500K, yani kiloomu 500 za upinzani. Thamani hiyo hutumika sana kwenye pikapu za koili mbili, za koili moja kawaida yake ni 250K, maana poti ikiwa kubwa sauti za juu hazipungui hata kidogo, ndo ule wembe wa mzee. Sikuwa na poti ya 250K na duka nililopita hawana. Ila kibandani rezista zimejaa, nikachukua ya 470K, yenye mistari ya rangi njano zambarau njano, nikailehemu kati ya miguu miwili ya pembeni ya poti. 500 na 470 zikikaa sambamba zinakuwa kama 242. Rezista ya shilingi mia mbili. Nikampigia mzee simu aje asikilize, akapiga dakika kumi hajasema kitu, alafu akasema "Sasa linaongea Kiswahili."

Mpaka hapo malalamiko matatu kati ya manne yameisha na sijagusa koili hata moja.

Mluzi, na hapa pikapu ndo ilikuwa na kesi

Mluzi uligoma. Kuna jaribio rahisi la kujua kama pikapu yenyewe ndo inapiga mluzi: washa amplifaya, shika nyuzi zisilie, alafu gonga kifuniko cha pikapu kwa ukucha. Pikapu nzima inatoa mlio hafifu tu. Ya nyuma ya mzee ilitoa "tok! tok!" kama mtu anabisha hodi. Nikamwambia ainame aongee, akaweka mdomo karibu na nyuzi akasema "Hodi hapa", na spika ikasema hodi hapa, sauti inasikika kabisa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Yani pikapu imekuwa maiki.

Sababu yake ni kwamba waya haujabana, mizunguko ya ndani inatikisika yenyewe kwa sauti ya spika, inazalisha umeme, umeme unaenda kwa spika, spika inatikisa tena, duara haliishi ndo unasikia mluzi. Dawa yake inajulikana siku nyingi, kuzamisha pikapu kwenye nta ya moto ipenye katikati ya mizunguko, ikipoa inaganda na kila kitu kinatulia. Mchanganyiko unaotumiwa na wengi ni parafini sehemu nne na nta ya nyuki sehemu moja. Parafini peke yake inapasuka pasuka, nta ya nyuki inaipa ulaini.

Vifaa havikunisumbua. Parafini ni mishumaa myeupe ya dukani, nikatoa tambi. Nta ya nyuki nikapata kwa jamaa anayeleta asali kutoka Handeni. Sufuria moja kubwa ya maji, ndani yake sufuria ndogo ya nta, juu ya jiko la mkaa.

Siku niliyoichemsha

Jumatano mchana. Mzee yuko kwenye benchi, anataka aondoke na gita maana Alhamisi wana mazoezi. Maji yanachukua muda, nta inayeyuka polepole, kule ndani bado kuna mabonge. Sasa mimi nikafanya kitu ambacho nilishamwonya mwanafunzi wangu asifanye: nikatoa sufuria ya maji, nikaweka ya nta moja kwa moja juu ya mkaa. "Dakika mbili tu," nikamwambia mzee.

Nta ikayeyuka haraka kweli, ikawa maji kabisa, nikazamisha ile pikapu ya nyuma. Mapovu yakaanza kutoka, na hiyo ndo dalili unayoitaka, hewa inatoka nta inaingia, unasubiri mpaka yaishe. Haya hayakuisha. Yakaongezeka. Alafu nikaona moshi mwembamba juu ya sufuria. Parafini inatakiwa ikae kama nyuzi joto 65, plastiki ya bobini inaanza kulegea ukikaribia 100, na mkaa haujui kusimama popote, unapanda tu, na mvuke wa nta iliyopitiliza unaweza kushika moto, kwaiyo hapo nilichokuwa nacho mezani ni karai la mafuta ya taa kwa maana fulani. Nikaitoa kwa koleo. Bobini imepinda kama bamia iliyokauka, ukingo wa juu umefunguka, koili imechomoza pembeni.

Nikaweka mita. Mwanzoni pikapu ilikuwa inasoma kama kiloomu 6. Sasa haisomi kitu, waya umekatika mahali ndani.

Mzee akaniangalia. "Imekufa?"

"Imekufa mzee."

"Basi izike, tuone tunafanyaje."

Niseme ukweli, afadhali angegomba.

Maamuzi baada ya kuharibu

Tulikuwa na njia tatu. Kununua pikapu nyingine moja, kuagiza seti nzima ya tatu, au kusuka upya ile ile. Seti mpya mzee alikataa kabisa, alisema ameshazoea gita hilo likibadilishwa lote ni la mtu mwingine. Pikapu moja dukani sikuipata kwa haraka. Nikachagua kusuka, kwa gharama yangu, na mzee akapiga harusi ya Ijumaa kwa pikapu mbili zilizobaki, akawa anakaa mbali na spika.

Waya ule mwembamba haupo kwa mafundi wa kusuka mota hapa mjini, wao wanatumia mnene zaidi. Nikaagiza kupitia ndugu aliyeko Dar, ukachukua wiki tatu kasoro, Ramadhani ikaanza, kidogo tukapata nafasi ya kupumua.

Bobini ilikuwa haifai tena. Nikatoa nyingine kwenye pikapu mbovu iliyokuwa kwenye ndoo yangu ya spea, vyuma sita nikavihamisha, kile kipande cha seramiki nikakibandua taratibu kwa wembe na joto la kifeni cha nywele. Seramiki ni kama kigae, ukiibana vibaya inavunjika.

Mashine ya kusukia ni drili niliyoibana kwenye vaisi, kichwani nimeweka kipande cha mbao ya duara, bobini imegundishwa juu ya mbao kwa tepu ya pande mbili. Kwa kuhesabu nikatumia kikokotoo cha dukani. Ukibonyeza 1 + 1 alafu ukawa unabonyeza alama ya sawasawa inaongeza moja kila mara, kwaiyo nikaunga nyaya mbili kwenye kitufe hicho kwenda kwa swichi ndogo ya sumaku ya alamu ya mlango, na sumaku nikaibandika kwenye ile mbao. Kila mzunguko, namba inapanda.

Nikazima feni, maana huo waya ukipulizwa kidogo unacheza kama utando wa buibui. Saa tisa mchana, Tanga, Ramadhani, feni imezimwa. Waya unapita kati ya kidole gumba na cha shahada nimeshika kipande cha fulana, ukibana sana unakatika, ukilegeza unarudi kulekule kwenye tok tok. Mara ya kwanza ulikatika kwenye elfu mbili na kitu, nikaanza upya. Mara ya pili nikafika 7,600 kwenye kikokotoo, nikasimama.

Kulehemu ncha nako kuna jambo. Waya umepakwa vanishi, kuna aina inaungua yenyewe ukiweka risasi ya moto, kuna nyingine lazima uikwangue kwanza. Nililehemu mita haikusoma, moyo ukashuka mpaka miguuni, nikakwangua kwa msasa laini nikalehemu tena, ikasoma kiloomu 6.9.

Hapo ilitakiwa nishangae. Mizunguko 7,600 isingefika 6.9, ingekuwa chini ya 6. Kumbe drili ikienda kasi swichi ilikuwa inaruka hesabu, kikokotoo hakikuwahi. Kwa kupiga hesabu ya ule upinzani, nilisuka kama elfu tisa.

Kosa la pili, la mwelekeo

Nikarudisha pikapu, safari hii kwanza bila nta, nikafunga nyuzi. Peke yake ikalia vizuri, nene, ina nguvu kuliko wenzake. Nikaweka swichi katikati ya nyuma na ya kati ziende pamoja: sauti ikakonda, besi yote ikapotea, kama redio ya mfukoni. Yeyote aliyewahi kuunga spika mbili moja ikiwa kinyume anaijua hiyo sauti. Nilipobandika bobini kwenye drili niliibandika uso chini, kwaiyo nikasuka kinyume na zile mbili.

Dawa ya haraka ni kubadilisha nyaya mbili za pikapu, ya moto iende ethi, ya ethi iende moto. Nikafanya hivyo, sauti ikarudi imejaa, nikafurahi, nikampigia mzee. Lakini nilipokuwa namsubiri nikaona kitu: nikiweka pikapu mbili pamoja mvumo nao unajaa. Ndo nikakumbuka wazo la humbucker, pikapu ya koili mbili aliyoibuni Seth Lover kwenye kampuni ya Gibson mwaka 1955. Alichofanya ni kuunga koili mbili zinazopingana na kuipa kila moja ncha tofauti ya sumaku. Mvumo unaingia koili zote mbili sawa, lakini kinyume, unajifuta. Sauti ya uzi imegeuzwa mara mbili, na koili na sumaku, kwaiyo inabaki palepale.

Mimi tayari nilikuwa na koili iliyosukwa kinyume. Imekuja kwa makosa lakini ipo. Na sumaku ni kipande tu cha seramiki kimegundishwa chini, siyo vyuma sita vilivyozungukwa na waya, pikapu ya aina ile ukijaribu kusukuma sumaku zake zitoke unaweza kuikata koili yote. Nikarudisha nyaya kama zilivyokuwa mwanzo, nikabandua seramiki, nikaigeuza juu chini, nikabandika. Kuhakikisha, nikaikabilisha na pikapu ya kati uso kwa uso: mwanzo zilikuwa zinasukumana, sasa zinavutana. Nikafunga. Pamoja, sauti imejaa na mvumo umeanguka sana. Haukuisha, maana moja ina mizunguko kama elfu tisa na nyingine elfu nane kasoro, hazilingani zikafutana kabisa.

Ndipo nikatia nta. Safari hii sufuria ya maji imebaki chini mwanzo mwisho, nimeazima kipimajoto cha jikoni kwa dada anayeoka keki jirani, jiko nimelipunguza mkaa, nta imekaa kati ya 63 na 67, pikapu nimeizamisha dakika ishirini. Mapovu yakatoka mengi, yakapungua, yakawa moja moja, yakakoma. Nikaanza na ya kati kwanza, ambayo mzee haipigi sana, ilipotoka salama ndo nikaweka ile ya nyuma.

Matokeo

Eid ya kwanza kikundi kilipiga. Mluzi hamna, hata akisimama mbele ya spika. Shoti hamna. Mvumo kwenye pikapu moja moja upo kidogo, kwenye ya nyuma na ya kati zikiwa pamoja ni kama haupo. Pikapu ya nyuma kwa kuwa ina mizunguko mingi imekuwa na nguvu na imepoteza ukali kidogo, na pale nyuma nyuzi hutikisika kidogo kuliko shingoni, kwaiyo ile ziada ikakaa mahali pake. Mzee anasema fundi nimemsukia kwa makusudi. Nimemweleza ukweli mara mbili, hataki kuusikia.

Kilichofaa na kilichoharibika

Nikirudi nyuma, fedha na muda mwingi vimekwenda kwenye lalamiko moja kati ya manne. Ethi, foili na rezista vilimaliza matatu kwa siku moja na nusu, na vyote vinarudishika, usipopenda unatoa. Nta hairudishiki. Kwaiyo siyo kwamba kutia nta kulikuwa kosa, mluzi ule ulikuwa wa pikapu na lile jaribio la ukucha lilithibitisha. Kosa ni jinsi nilivyolifanya la mwisho kwa haraka ya kumfurahisha mzee aliyekaa kwenye benchi, na jinsi nilivyoanza na pikapu anayoihitaji zaidi badala ya ile ya kati. Ningeiunguza ya kati, harusi ya Ijumaa angeipiga bila hata kujua.

Wapo watakaosema mkaa ndo tatizo, ningetumia jiko la umeme. Sidhani. Mara ya pili mkaa ni uleule, maji yalikuwepo na kipimajoto kilikuwepo. Maji hayawezi kupita 100 hata ukichochea jiko vipi, hiyo ndo kazi yake, yanakulinda na haraka yako mwenyewe.

Kuhusu kusuka, hapa nasita kujisifu. Mambo mawili yaliyofanya gita liwe zuri kuliko mwanzo, ule wingi wa mizunguko na ule mwelekeo wa kinyume, yote yalikuwa makosa ya vipimo. Hesabu iliruka, ikaangukia pikapu ya nyuma ambako inafaa. Ingekuwa ni ya shingoni niliyoisuka hivyo, ingekuwa na kelele na matope, tungekuwa na kesi nyingine. Kilichokuwa cha ufundi kweli ni kitu kimoja, kutoridhika na ile dawa ya kubadilisha nyaya. Nyaya zilitibu sauti zikaacha mvumo, sumaku ikatibu vyote, na tofauti ilikuwa ni kukaa dakika tano kusikiliza kabla mzee hajafika.

Sasa hivi kabla sijafungua pikapu yoyote naandika vitu vitatu kwenye karatasi naigundisha kwenye gita: inasoma omu ngapi, ikikabiliana na jirani yake inasukuma au inavuta, na waya umeanzia upande gani unazunguka kwenda wapi. Ya mzee sikuandika hata kimoja, ndo maana nilijua mwelekeo kwa kusikia sauti imekonda. Na ile swichi ya kuhesabu bado naitumia, ila drili imefungwa dima, kifaa cha kupunguza kasi, inakwenda polepole, na nasimama kila mizunguko elfu moja kupima.

Pikapu ya shingoni ya Mzee K haijatiwa nta mpaka leo. Haipigi mluzi, na mwenyewe kasema hiyo nisiiguse. Juzi kaja kijana wa kwaya na gita lenye tatizo hilohilo, linavuma, linapiga mluzi, na mwimbaji wao kapigwa shoti, anataka nitie nta pikapu zote mbili kabla ya Jumapili. Nimemwambia gita aliache nyumbani kwanza, aniletee ekstensheni.